Kwa Hezron, Uliyemwacha Mlinzi Mlangoni

Mwaka umekatika, Hezron, tangu Jumanne ile ya Agosti 2003, presha ilipokuangusha juu ya mashine yako ya chapa, saa mbili asubuhi, chai yako haijapoa. Mkeo Edina alikuwa uani anaanika nguo. Miaka yote alizoea mlio wa vidole vyako viwili, na siku ile kimya ndicho kilichomshtua. Aliingia akakukuta umelalia karatasi. Alhamisi tulikuzika hapa Chapwa, Tunduma, katika vumbi la malori yanayongoja kuvuka mpaka.

Bwana Makene, mhariri wako wa Dar es Salaam, ametupa ukurasa huu bure. Ni ule ule uliokuwa wako kila Jumamosi. Matangazo ya kumbukumbu kama hili huwa mafupi, picha ya marehemu na mistari minne, basi. Sisi tumeomba nafasi yote, maana tuna jambo la kusema mbele za watu, na wewe unalijua kutushinda sisi.

Lakini tuanze na mazuri, kwa kuwa mazuri yalikuwepo.

Ulikuwa mwandishi wa hadithi za kisayansi, kazi ambayo Tunduma nzima hakuna aliyeielewa. Chama cha ushirika kilipopunguza makarani mwaka 1992, wenzako walikimbilia kubadilisha fedha mpakani, wengine wakavuka na sabuni kwenda kuuza Nakonde. Wewe ulinunua rimu ya karatasi. Mtu akikuuliza, "Siku hizi unafanya kazi gani?" ulimjibu, "Naandika." Naye alisema, "Sawa, lakini kazi?" Ulicheka mpaka machozi. Jioni ulikuja kutusimulia, na kila ukisimulia aliyeuliza alikuwa mjinga zaidi.

Uliamka jogoo la kwanza. Ulivaa viatu, ukafunga na kamba, ingawa safari yako ilikuwa ya kutoka kitandani hadi mezani. Hukumsalimu mtu yeyote mpaka ukurasa mmoja ukamilike. Ulitundika kitambaa chekundu mlangoni, na kila aliyepita alijua kwamba hapo hakuna hodi. Majirani walinuna. Kwetu mtu asiyesalimia asubuhi ana lake jambo, na walikuwapo waliosema umekuwa mganga. Ukurasa ukiisha ulitoka na kitambaa mkononi, ukawazungukia mmoja mmoja, ukauliza habari za watoto, za magoti, za kuku. Hapo walikusamehe, wakasubiri kununa tena kesho yake.

Uliandika kwanza kwa kalamu kwenye daftari kubwa, kisha ukapiga chapa. Maneno elfu moja na mia mbili, yasizidi, maana ulisema ukurasa wa gazeti hauvutiki kama mpira. Jumatano alfajiri ulipeleka bahasha stendi, ukamkabidhi kondakta wa basi la Dar, ukasimama pale mpaka basi limeshika barabara ya Vwawa na kupotea. Halafu ulirudi nyumbani ukalala usingizi wa mtu aliyepalilia ekari mbili.

Na uongo hukuupenda. Ni ajabu kusema hivyo juu ya mtu aliyeandika habari za watu wanaoishi mwezini, lakini ndivyo ulivyokuwa. Ulikwenda kwa Lusubilo, fundi redio, kumuuliza betri hufanyaje kwenye baridi kali. Ulikwenda kwa mdogo wako Sadoki, fundi pancha kwenye maegesho ya malori, ukamkuta chini ya lori la Mzambia, ukamwinamia. "Mwezini hakuna hewa," ukamwambia. "Sasa tairi nalijaza nini?"

Sadoki akajibu kutoka huko chini, "Kaka, kama hakuna hewa weka gurudumu la chuma, uniache nifanye kazi."

Wiki ile gari lako la mwezini lilikuwa na magurudumu ya chuma. Sadoki alinunua nakala tatu, akawaonyesha madereva wote, akisema hili ni wazo langu. Ulisema katika hadithi zako hakuna mchawi na hakuna muujiza. Mtu akiokoka, lazima ijulikane kaokolewa na nani, na kwa kifaa gani.

Sasa tuseme habari za Sadoki, kwa sababu mwaka huu wa kwanza bila wewe umekuwa mwaka wake.

Wasomaji wasiotujua waelewe desturi yetu. Kwetu Wanamwanga mtu mzima akifa, jina lake haliachwi chini. Matanga yakiisha ukoo hukaa, humchagua ndugu, humvika nguo ya marehemu na kumketisha kwenye kiti chake. Tangu hapo huitwa kwa jina hilo. Watoto wa marehemu humwita baba, na mama wa marehemu humwita mwanangu yule yule. Baba mdogo Venance, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu Mzee, baba yako, alipofariki, akamvika Sadoki koti lako la kijivu. Lilimbana mabega. "Kuanzia leo wewe ni Hezron," akasema, akamkabidhi jembe lako, Biblia yako, na mashine ya chapa.

Edina alisema palepale mbele ya wazee, "Shemeji, jina chukua, mashine chukua. Ila mimi niacheni nilivyo." Wazee wakatazamana, wakakohoa, wakakubali. Mkeo humjui? Ulimjua.

Siku hiyo hiyo Bwana Makene alipiga simu. Baba mdogo alikuwa na simu ya mkononi, ya kwanza katika ukoo wetu, akiishika mbali kidogo na sikio asije akaungua. Makene alitoa pole, kisha akauliza kwa adabu kuhusu hadithi yako ya *Kituo cha Tisa*, iliyokuwa imefika sehemu ya arobaini na moja. Je, marehemu aliacha zilizobaki?

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," Baba mdogo akamwambia. "Hezron yupo. Ameketi hapa mbele yangu, tumeshamvika koti. Ataendelea."

Makene ni mtu wa pwani. Alielewa kwamba umeacha kurasa tayari kabatini, na kwamba mzee anazungumza kwa mafumbo ya msiba. Jumamosi gazeti likatangaza kwa herufi nene kuwa *Kituo cha Tisa* kinarudi baada ya wiki nne, hadi mwisho wake. Na sisi huku hakuna aliyeona kosa. Kwa wazee jambo lilikuwa wazi: aliyerithi shamba hulima, aliyerithi meza huandika.

Ni Sadoki peke yake aliyeliona kosa. "Baba mdogo," akasema, "mimi niliishia la saba. Barua ya posa yangu mwenyewe aliniandikia kaka."

"Hezron anajua kuandika," Baba mdogo akamjibu. "Na wewe ni nani?"

Basi akaamka jogoo la kwanza. Akavaa viatu, akatundika kitambaa chekundu, akaketi. Siku ya kwanza aliandika jina lako juu ya karatasi, na chini ya jina hakuna kitu. Siku ya pili hivyo hivyo. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa raba ambao sabuni haiutoi, na kila karatasi aliyoigusa ilibaki na alama ya dole gumba. Hakumsalimu mtu, kama wewe, lakini yeye ni kwa sababu aliona haya. Watu wakimwita "Hezron" kule kwenye malori alichelewa kugeuka.

Alikuwa hajawahi kuisoma hadithi yako kwa mfuatano. Aliisoma kwa vipande, gazeti moja limefungia vitumbua, lingine limetandikwa chini ya jeki. Sasa alitoa magazeti yote arobaini na moja chini ya kitanda chako, akaanza mwanzo. Tunajua ilivyokuwa kwa sababu ametueleza, na kutueleza kwenyewe kulimchukua miezi.

Mwaka 2090, hadithi yako inasema, watu wa dunia wamepata maradhi wanayoyaonea haya, na wagonjwa wanapelekwa mwezini kwenye kituo ambacho hakuna anayekitaja jina. Ndani ya chumba kimoja yumo kijana mgonjwa. Nje ya mlango yupo mlinzi, naye ana ufunguo. Chakula kinasukumwa chini ya mlango kwenye sahani. Kijana anaomba uji wa ulezi, usitiwe sukari. Anaomba atolewe nje aote jua, maana mwezini jua lipo, ni hewa isiyokuwepo, na vazi la kuvaa lipo linaning'inia ukutani. Anamwita mlinzi kwa jina lake. Sehemu baada ya sehemu anaita, na mlinzi anatafuta sababu. Karatasi uliyokuwa umeilalia ilisema mlinzi amesimama, ufunguo mkononi, na sentensi ikakatikia hapo.

Sadoki alipofika sehemu ya kumi na nne, pale sahani inapoelezwa kuwa ya bati jeupe, yenye ua jekundu na ukingo uliobanduka, aliliweka gazeti chini. Sahani ile aliijua. Aliijua kwa mkono.

Hezron, tunalisema sasa. Utuwie radhi, au utushukuru, hatujui.

Mwaka 1993 mdogo wenu wa mwisho, Danieli, aliyekuwa utingo wa malori ya Lusaka, alirudi nyumbani amekonda, mdomo umejaa vidonda. Miaka ile ugonjwa ule ulikuwa hautajwi. Mzee alisema awekwe kwenye ghala la mahindi huko nyuma, mlango ufungwe kwa nje, majirani wasione. Sadoki alikuwa na miaka kumi na tisa. Akapewa ufunguo na sahani. Mama yenu Elina alikuwa kwao Isongole, akimuuguza mama yake mzazi, na hakuna aliyemtumia habari. Kutoka hapa hadi Isongole ni safari ya siku moja.

Danieli alikaa mle siku tisa. Aliomba uji usio na sukari. Aliomba jua. Alimwita Sadoki, "Kaka Sadoki, fungua kidogo tu, nitakaa hapo hapo kizingitini, siendi popote." Sadoki alisimama nje ya ule mlango, ufunguo mfukoni, akilia, na hakufungua, kwa sababu Mzee alikuwa amesema.

Na wewe dirisha lako lilikuwa hatua ishirini. Ilikuwa hadithi yako ya kwanza gazetini, na sehemu ya tatu ilitakiwa Jumatano. Ulikuwa umeacha kuonekana mtu asiye na kazi, uliogopa kurudi kule. Ulimsikia, ukaendelea kupiga chapa. Sisi wengine tulimsikia tukaendelea kutwanga. Siku ya kumi hakuita.

Mama aliporudi tulimwambia Danieli alishikwa na homa kali ya usiku mmoja, akafia kitandani, ndugu zake wamemzunguka. Tulimwonyesha na kitanda. Aliamini miaka kumi.

Ndiyo maana Sadoki aliishika ile karatasi yako ya mwisho kama kitu cha moto. Alielewa sasa ulikuwa unaelekea wapi, kidogo kidogo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Na alijua nani mwingine anaisubiri. Mama hajui kusoma. Gazeti la Jumamosi hufika Tunduma Jumapili, na kila Jumapili baada ya ibada ulikaa naye ukamsomea mwenyewe. Ulipofariki, binti yako Shani alianza kumrudia zile za zamani, na Mama alizisikiliza kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Asubuhi moja Mama alipita mezani. Yeye hakijali kitambaa chekundu. "Mwanangu Hezron," akamwambia Sadoki, kwa jina lako, kama desturi inavyotaka, "yule mgonjwa anafunguliwa lini?"

"Bado naandika, Mama."

"Andika upesi. Kijana anaomba uji bila sukari. Danieli wangu naye sukari hakuipenda."

Akaenda zake na ndoo. Sadoki hakujua kama anajua, au anakaribia kujua, au ni mama tu anayeona mwanawe kila mahali. Tangu siku ile hakikuwa tena kisa cha kumalizia hadithi ya gazeti. Akiandika mlango umefunguka, Mama atazeeka kwa amani, na yale aliyomsikia Danieli akisema yatafia kifuani mwake Sadoki. Akiandika haukufunguka, atakuwa amemwambia mama yake mzazi kwa kinywa chake.

Baba mdogo Venance alikuja wiki ya tatu. Yeye husoma sana, na alikuwa ameshaunganisha hadithi na ghala. Alifunga mlango. "Mfungulie," akasema. "Huyo mlinzi afungue, kijana akaote jua, hadithi iishe tupumzike. Ni kalamu tu hii. Kinakuuma nini?"

"Na Mama?"

"Ndiyo kwa ajili ya Mama nasema. Umtie mama yako kaburini ili upate nini, sifa?"

Sadoki alifurahi kuambiwa hivyo, tusimfiche. Alitaka mno kufungua. Alikuwa ametaka miaka kumi. Aliandika siku mbili bila kupumzika, na kwa mara ya kwanza maneno yalimjia yenyewe. Baridi ya mwezini inakaza kitasa, chuma kinapasuka, mlango unaachia. Ila akakumbuka ulivyokuwa ukifanya kazi, akaenda kwanza kwa Lusubilo kuuliza. Lusubilo alikuwa amefungua redio, bisibisi mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Chuma kupasuka kinaweza," akasema. "Lakini ufunguo si anao mlinzi? Sasa kitasa kipasuke cha nini? Kitasa hakina huruma, ndugu yangu. Kinafunguliwa na mtu."

Akarudi nyumbani amevunjika moyo. Edina akamletea chai, akaona karatasi, akazisoma amesimama. Alikwenda chumbani, akarudi na daftari lako kubwa la *Kituo cha Tisa*, akalifungua mbele yake. Ulikuwa umeujaribu ule mlango mara saba, Hezron. Mara moja mlinzi anafungua. Mara nyingine mkubwa wa kituo anatubu. Mara nyingine daktari anakuja na chombo kutoka duniani, na mama wa kijana yumo ndani ya chombo. Kurasa nzuri, Edina anasema ni nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika. Zote saba umezikata kwa kalamu nyekundu kutoka kona hadi kona, na pembeni umeandika neno moja, *Uongo*.

"Shemeji, angetaka kuufungua angeufungua siku nyingi," Edina akasema. "Mimi sikuambii uandike nini. Nakuonyesha tu."

Jumatano Sadoki alikwenda stendi na bahasha yenye mlango uliofunguka. Alimpa kondakta. Basi likawashwa, abiria wakapanda, na yeye akabaki ameshika kioo cha dirisha kama mtu anayesafirisha mtoto. Kisha akasema, "Nirudishie." Kondakta akamwambia, "Iwe, wewe, amua basi, tunaondoka." Akaichukua. Basi likaondoka. Akampigia Makene kwa simu ya Baba mdogo, akisema bahasha itakuja kesho. Makene akamwambia kwamba isipofika Ijumaa asubuhi, hadithi inafutwa.

Aliandika kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri. Hakutundika kitambaa. Watu walipita wakapiga hodi, akawakaribisha, akawasalimia, akaendelea kuandika wakiwa wamekaa. Tunanakili kipande, kwa ambao hawakukisoma:

*Mlinzi hakufungua. Hakuna kilichoharibika. Kitasa kilikuwa kizima, ufunguo ulikuwa mzima, mkono wake ulikuwa mzima. Vazi la kuvalia nje lilikuwa ukutani. Alimwogopa mkubwa wa kituo, na kesho yake aliogopa kwa sababu jana hakufungua. Siku ya kumi sahani ilirudi na chakula chake.*

Yalikuwa maneno mia tatu tu. Makene alijaza nafasi iliyobaki kwa tangazo la mafuta ya nywele.

Jumapili gazeti lilifika. Shani alinyoosha mkono kulichukua, lakini Sadoki akasema atasoma mwenyewe. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani, akichambua. Sadoki alipiga magoti mbele yake, koti lako mwilini, akasoma. Alipomaliza, vidole vya Mama vilikuwa bado vinatembea kwenye maharage.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tisa, Mama."

"Kwenye ghala?"

"Kwenye ghala."

"Aliniita?"

Sadoki alikuwa amejiandaa kwa yote isipokuwa hilo. "Alikuita," akasema. "Siku mbili za mwisho alikuita wewe tu."

"Na Hezron alikuwa wapi?"

"Mezani."

Mama akaendelea kuchambua mpaka ungo wote ukaisha, akatenga mabovu upande, akakung'uta nguo. Hatukuwahi kuona maharage yakichambuliwa taratibu namna ile, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ndipo akamwambia Sadoki, "Vua koti."

Akavua.

"Wewe ni Sadoki. Nilikuzaa Sadoki, na una lako la kujibu, utanijibu kwa jina lako. Hezron wangu amekufa. Nina maneno naye mengi, na siwezi kumsema mtu mwingine badala yake."

Baba mdogo alikuja juu, akasema jina likishavishwa halivuliwi, haijapata kutokea. Hata hivyo, tangu Jumapili ile hakuna anayeitwa Hezron katika nyumba hii. Wewe umebaki umekufa, peke yako, bila mrithi, na Sadoki amerudi kwenye matairi yake. Kila alfajiri kabla hajaenda kazini hufika mlangoni kwa Mama. Husema, "Shikamoo, Mama." Mpaka leo, miezi kumi na moja sasa, hajaitikiwa. Huondoka, na kesho yake huja tena. Anasema afadhali hivyo kuliko miaka kumi ya kuitikiwa vizuri.

Wasomaji wengi walimwandikia Makene kwa hasira, kwa nini hadithi iishe vibaya hivyo. Hatuna jibu zaidi ya hili mnalolisoma.

Hezron, tunakulilia. Ulikuwa mpole, uliwalea watoto wa wenzako, ulitufundisha kwamba binadamu anaweza kufika mbali sana. Umetuacha na uchungu, na tumekukasirikia pia, kwa vile uliujua ukweli miaka kumi na ukautafutia njia ndefu ya kupitia mwezini, wakati Mama alikuwa chumba cha pili. Tunakupenda pamoja na hasira hiyo. Hatujui namna nyingine ya kukupenda kwa sasa.

Tulipokuwa tukiandaa tangazo hili tulikwenda kwa Mama kumwomba jina lake litangulie, kama inavyofaa. Akatuuliza, "La Danieli mlilitangaza mwaka gani?" Halikutangazwa kamwe. Akasema, "Basi na langu liacheni." Baba mdogo Venance naye amekataa, kwa sababu zake.

Unakumbukwa na mkeo Edina. Na binti yako Shani. Na dada yako Ruti, aliyeyaandika haya na ambaye naye alikuwa akitwanga. Na mdogo wako Sadoki, kwa jina lake mwenyewe. Mama mzazi hayumo.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Hezron, wewe pamoja na Danieli, aliyeita siku tisa tukamsikia.